Fremu, Leseni, Kodi na Umeme: Somo kwa Anayetaka Kufungua Biashara Mjini

Biashara nyingi ndogo mjini huanza na fremu. Mkazi hupata chumba kando ya barabara, hulipa pango la miezi 6 au la mwaka mzima, hupaka rangi, hununua vifaa, kisha hufungua mlango na kusubiri wateja. Leseni huikumbuka siku maofisa wanapopita mtaani. Hapo ndipo anapogundua kwamba fedha zimekwisha kabla ya taratibu kuanza, na pengine kwamba chumba chenyewe hakifai kwa biashara aliyoikusudia. Hasara ya namna hiyo haitokani na ukaidi. Mara nyingi hutokana na kuanza na hatua ya mwisho na kumalizia na ya kwanza.

Somo hili linazipanga hatua hizo kama zinavyopaswa kufuatana: chumba, jina, kodi, leseni, umeme na ukaguzi. Ili maelezo yasibaki hewani, umetumika mfano mmoja wa kufundishia: mwanamke anayetaka kufungua saluni ya nywele katika fremu iliyo mbele ya nyumba ya kuishi, ndani ya eneo la Halmashauri ya Jiji. Mwenye duka la vyakula, fundi cherehani au mchomeleaji atapita njia ileile, ingawa vibali vyake vingine vitatofautiana kulingana na kazi yake.

Chumba kwanza, fedha baadaye

Kabla ya kukabidhi pango, jambo la kwanza kuulizwa ni matumizi ya kiwanja. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, kila kiwanja kilichopimwa kina matumizi yake: makazi, biashara, makazi na biashara, taasisi, viwanda na mengineyo. Nyumba iliyo katika kiwanja cha makazi pekee haigeuki kuwa ya biashara kwa sababu tu ukuta wa mbele umetobolewa na kuwekewa mlango wa chuma. Mabadiliko ya matumizi huombwa, na mwombaji ni mwenye kiwanja, si mpangaji. Kwa hiyo mpangaji mwenye busara humwomba mwenye nyumba amwonyeshe hati au barua inayotaja matumizi, au hufika katika ofisi ya mipango miji akiwa na namba ya kiwanja na kitalu. Swali hilo moja laweza kuokoa pango la miezi 6.

Jambo la pili ni jengo lenyewe. Kuongeza chumba, kuondoa ukuta, kuweka dari zito au kuchimba chini ya sakafu ni kazi zinazohitaji kibali cha ujenzi kutoka Halmashauri. Wapo wanaokiona kibali hicho kuwa karatasi ya kuchelewesha watu. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa katika shughuli zao za kila siku. Mhandisi anayekagua mchoro hutaka kujua mzigo wa jengo unabebwa na nini, na nini kitatokea nguzo au ukuta fulani ukiguswa. Mwenye fremu hawezi kulijibu swali hilo kwa kutazama tu kwa macho.

Jambo la tatu ni mkataba. Mkataba wa pango uwe wa maandishi, utaje majina ya pande zote mbili, mahali ilipo fremu, kiasi cha pango, muda wake, na biashara itakayofanyika humo. Mambo mawili ya kodi husahaulika sana katika mikataba ya fremu, na yote mawili huzaa ugomvi.

La kwanza ni kodi ya zuio. Mfanyabiashara anayelipa pango la jengo la biashara anatakiwa na sheria kuzuia asilimia 10 ya pango hilo na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Pango likiwa shilingi 100,000 kwa mwezi na likilipwa kwa miezi 6, jumla ni 600,000. Mpangaji humkabidhi mwenye nyumba 540,000, na 60,000 huzipeleka TRA kwa jina la mwenye nyumba. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba inayopitia mkononi mwa mpangaji. Iwapo pande mbili hazikuelewana mapema, mwenye nyumba hudai 600,000 zote, na mpangaji hujikuta akitoa 60,000 nyingine mfukoni mwake ili apate karatasi anazozihitaji.

La pili ni kodi ya majengo. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Mwenye wajibu wa kuilipa ni mwenye jengo, lakini anayenunua umeme kila wiki ni mpangaji. Mkataba useme wazi iwapo makato hayo yatapunguzwa katika pango au yatarudishwa kwa njia nyingine. Mstari mmoja wa maandishi watosha.

Jina na namba

Mwenye saluni akifanya biashara kwa majina yake kamili, hahitaji kusajili jina la biashara. Akitaka ubao wake usomeke kwa jina jingine lolote, jina hilo husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), na maombi hufanywa kwa njia ya mtandao. Kusajili jina hakumpi mtu leseni. Wakazi wengi huchanganya mambo haya mawili, wakaning'iniza cheti cha BRELA ukutani wakidhani wamekwisha maliza. Cheti hicho chatambulisha nani ana jina hilo, wala hakimruhusu kuuza au kutoa huduma.

Baada ya jina hufuata Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, yaani TIN, inayotolewa na TRA. Namba hii hutolewa bure. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka anayeanza biashara ajisajili ndani ya siku 15 tangu kuanza. Mwombaji huhitaji namba ya kitambulisho cha Taifa, na taarifa za mahali biashara ilipo. Hapo ndipo mkataba wa pango unapoanza kufanya kazi yake. Mtu anayeombwa fedha ili "apatiwe TIN haraka" ajue kwamba anauziwa kitu kisichouzwa.

Kodi ya mapato na thamani ya daftari

Mfanyabiashara mdogo asiye na hesabu zilizokaguliwa hutozwa kodi kwa kufuata mauzo yake ya mwaka. Wengi huiita kodi ya makadirio. Katika ngazi za chini, viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 vina funzo ambalo kila mwenye biashara ndogo anapaswa kulielewa. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi. Mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 hulipa shilingi 100,000 iwapo hana kumbukumbu za mauzo. Akiwa na kumbukumbu, hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4.

Hesabu ya saluni yetu ni hii. Ikiingiza wastani wa shilingi 20,000 kwa siku, ikafunguliwa siku 300 kwa mwaka, mauzo ni milioni 6. Kilichozidi milioni 4 ni milioni 2, na asilimia 3 yake ni shilingi 60,000. Mwenye saluni mwenye daftari atalipa 60,000. Asiye na daftari atalipa 100,000. Tofauti ya 40,000 ndiyo bei ya kutokuandika.

Faida ya daftari haiishii katika kiwango. Anayekadiriwa bila kumbukumbu hana cha kuonyesha iwapo makadirio yatapanda kupita hali halisi ya biashara yake. Mwenye daftari anaweza kulifungua mezani na kuonyesha mwezi ambao mauzo yalishuka na sababu yake. Daftari lenyewe si jambo kubwa: tarehe, huduma iliyotolewa, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka, na risiti za manunuzi zikihifadhiwa katika bahasha ya kila mwezi.

Kodi hiyo hulipwa kwa awamu nne. Kwa anayefuata mwaka wa kalenda, awamu huishia tarehe 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Shilingi 60,000 zikigawanywa, kila awamu ni 15,000. Kwa sababu Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka mwezi Juni, na viwango huweza kubadilika kuanzia tarehe 1 Julai, ni desturi njema kupita katika ofisi ya TRA kila mwezi huo na kuuliza kilichobadilika. Huko pia ndiko mfanyabiashara anapoelezwa iwapo mauzo yake yamefikia kiwango cha kutumia mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti. Mnunuzi naye ana wajibu wa kisheria wa kudai risiti.

Kwa wauzaji wadogo kabisa, wale wa meza na wanaotembeza bidhaa, Serikali ilianza mwezi Desemba 2018 kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo ambao mauzo yao hayazidi milioni 4 kwa mwaka, kwa shilingi 20,000. Utaratibu wa utoaji wake umebadilika tangu wakati huo, hivyo anayehusika aanze katika ofisi ya Mtendaji wa Kata kupata maelekezo ya sasa.

Leseni ya biashara

Msingi wa leseni ni Sheria ya Leseni za Biashara, Na. 25 ya mwaka 1972. Sheria hiyo inakataza mtu kufanya biashara bila kuwa na leseni halali. Leseni zimegawanyika makundi mawili. Kundi A ni la biashara zenye sura ya kitaifa au kimataifa, na leseni zake hutolewa na BRELA. Kundi B ni la biashara za ndani, kama maduka ya rejareja, saluni na nyumba za kulala wageni, na hutolewa na Halmashauri kupitia Ofisi ya Biashara.

Maombi ya Kundi B huwasilishwa kwa mfumo wa mtandao wa TAUSI, ulio chini ya Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Asiye na simu yenye intaneti, au asiyezoea mifumo hiyo, huweza kwenda kwa Afisa Biashara akaelekezwa. Vitu vinavyotakiwa kwa kawaida ni namba ya kitambulisho cha Taifa, TIN, cheti cha TRA cha kuthibitisha ulipaji kodi, mkataba wa pango au uthibitisho wa umiliki, na cheti cha usajili wa jina kama lipo. Biashara inayohitaji utaalamu, kama duka la dawa, huongeza vyeti vya taaluma husika.

Ombi likikubaliwa, mwombaji hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, na hulipa kupitia benki au simu. Fedha haikabidhiwi mkononi kwa mtu yeyote, awe mtumishi au wakala. Malipo yasiyo na namba hiyo hayaingii Serikalini, na aliyeyatoa hana leseni hata kama amepewa karatasi yenye mhuri.

Mambo matatu kuhusu leseni hukosewa sana. Kwanza, leseni ni ya mahali. Mwenye saluni akifungua tawi katika mtaa mwingine, tawi hilo huhitaji leseni yake. Pili, leseni ni ya aina ya biashara iliyotajwa. Saluni inayoanza kuuza vinywaji baridi na vipodozi kwa wingi imeanza biashara nyingine, na Afisa Biashara aulizwe kabla rafu hazijajazwa. Tatu, leseni ina muda. Hudumu kwa miezi 12 tangu ilipotolewa, na inatakiwa kubandikwa mahali inapoonekana. Anayehama fremu aripoti pia, kwa kuwa anwani iliyomo katika leseni haitahama naye.

Ushuru wa huduma

Nje ya kodi za TRA, zipo tozo za Halmashauri zinazotokana na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 na sheria ndogo zinazotungwa chini yake. Unaojulikana zaidi ni ushuru wa huduma. Kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa asilimia 0.3 ya mapato ya biashara baada ya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa. Kwa saluni yenye mauzo ya milioni 6, asilimia 0.3 ni shilingi 18,000 kwa mwaka. Anayedaiwa zaidi ya hapo kwa mauzo hayo ana haki ya kuonyeshwa kifungu cha sheria ndogo kinachotumika na hesabu ilivyofanywa.

Ni vyema mfanyabiashara kutenganisha tozo hizi katika daftari lake: ada ya leseni, ushuru wa huduma, ada ya taka, na ada ya bango ikiwa ameweka tangazo. Kila moja ina sababu yake, msingi wake wa kisheria na stakabadhi yake. Zikichanganywa na kuitwa "hela ya manispaa", mtu hawezi kujua alicholipa wala anachodaiwa.

Umeme: sehemu isiyoonekana

Mambo yote yaliyotangulia yakikosewa, hasara yake ni fedha. Umeme ukikosewa, hasara yaweza kuwa fremu nzima, nyumba iliyo nyuma yake na watu waliolala ndani. Ndiyo sababu sehemu hii inastahili kusomwa polepole.

Umeme wa nyumbani na wa biashara ndogo Tanzania ni wa volti 230. Kila kifaa kimeandikwa wati zake, kwa kawaida chini au nyuma. Wati zikigawanywa kwa 230, hupatikana ampea, yaani kiasi cha mkondo kinachopita katika waya. Ampea ndizo zinazoupasha waya moto.

Katika saluni yetu, mashine mbili za kukaushia nywele za wati 1,800 kila moja ni wati 3,600. Birika la umeme la wati 2,000 likiongezwa, jumla ni 5,600. Zikigawanywa kwa 230, ni zaidi kidogo ya ampea 24. Sasa itazamwe ekstensheni iliyonunuliwa dukani. Plagi yake ina fyuzi ya ampea 13, sawa na takriban wati 2,990. Vifaa hivyo vitatu vikichomekwa katika ekstensheni moja na kuwashwa pamoja, vinadai karibu mara mbili ya uwezo wake.

Hatari haikomei kwenye ekstensheni. Soketi za fremu nyingi husukwa kwa waya wa milimita za mraba 2.5, unaolindwa na breka ya ampea 16 au 20. Ampea 24 zikipita kwa muda, breka hujikata. Hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Mwenye fremu huchoka na umeme kukatika, humwita fundi wa karibu, naye huondoa breka ya 20 na kuweka ya 32. Umeme haukatiki tena, na kila mtu hufurahi. Waya ndani ya ukuta umebaki uleule mwembamba. Sasa hupata moto kila siku bila chochote kuukatiza, ganda lake la plastiki hulainika, kisha hupasuka, na siku moja nyaya mbili hugusana ndani ya dari la mbao. Breka inayojikata imetimiza kazi yake. Dawa yake ni kupunguza mzigo, au kusuka upya njia nyingine kwa waya unaolingana na vifaa.

Saluni ina hatari ya pili, nayo ni maji. Mikono iliyolowa, sakafu yenye maji na mashine za umeme hukaa chumba kimoja. Kinga zake ni mbili. Ya kwanza ni waya wa ardhi ulio mzima, unaotoka kwenye soketi hadi kwenye fimbo iliyozikwa ardhini, ili umeme ukivuja kwenye kifaa cha chuma upate njia nyingine badala ya kupita mwilini mwa mtu. Ya pili ni kifaa cha kukata umeme unapovuja, kinachofungwa kwenye boksi la breka. Kifaa hicho chenye kiwango cha miliampea 30 hukata umeme kwa kuvuja kidogo sana, jambo ambalo breka ya kawaida haiwezi kulifanya. Kina kitufe cha majaribio. Kikibonyezwa umeme ukiwepo, ni lazima ukatike. Usipokatika, kifaa hakimlindi mtu.

Nani anaruhusiwa kufanya kazi hii

Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutoa leseni kwa mafundi na makandarasi wa ufungaji wa mifumo ya umeme. Leseni hizo zina madaraja, na kila daraja lina ukomo wa kazi inayoruhusiwa. Fundi mwenye leseni haoni haya kuionyesha. Mteja aisome: jina ni la nani, daraja ni lipi, na muda wake umekwisha au la. Fundi huyo huacha mchoro na hati yenye saini yake, ambavyo Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) huvihitaji kabla ya kumuunganisha mteja mpya.

Mpaka wa wajibu nao ueleweke. Mita ya LUKU ni mali ya TANESCO, na hakuna fundi wa mtaani anayeruhusiwa kuifungua. Nyaya, breka na soketi zilizo baada ya mita ni jukumu la mwenye jengo. Kwa hiyo mpangaji wa fremu anapouliza "nani atatengeneza", jibu liwe limeandikwa katika mkataba. Fremu iliyopewa umeme kwa waya unaotoka dukani kwa jirani, ukipita juu ya bati, haina ulinzi wake yenyewe. Hitilafu ya mmoja huwa ya wote.

Dalili za hatari hazihitaji kipimo. Soketi ina joto ukiigusa kwa nje. Kuna harufu ya plastiki iliyoungua. Taa hufifia mashine ikiwashwa. Kifaa cha chuma hutekenya mkono. Breka hujikata mara kwa mara. Ikionekana dalili moja kati ya hizo, swichi kuu izimwe na fundi mwenye leseni aitwe kabla ya mteja mwingine kuketi. Moto wa umeme haumwagiwi maji. Umeme uzimwe kwanza ikiwezekana, watu watoke, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114.

Moto, afya na mahali pa kazi

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua, na wafanyabiashara wengi wakapoteza mitaji ya miaka. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililoundwa chini ya sheria yake ya mwaka 2007, hukagua majengo ya biashara na kutoa cheti cha usalama wa moto. Mkaguzi hutazama njia ya kutokea, kizimamoto na namna vitu vilivyohifadhiwa. Fremu yenye mlango mmoja wa chuma, ikawekewa makasha ya bidhaa mbele yake, ni mtego hata kama leseni zote zimo ukutani.

Mwenye wafanyakazi huingia pia katika Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Wakala huo husajili maeneo ya kazi na hufanya ukaguzi, ukiwemo wa mifumo ya umeme. Anayeuza chakula hukutana na Afisa Afya wa Kata, na wahudumu wake hupimwa afya kila baada ya miezi 6. Mwenye baa hufuata sheria ya vileo ya mwaka 1968, yenye leseni yake mbali na leseni ya biashara.

Mkaguzi anapopiga hodi

Ukaguzi si ugomvi. Mfanyabiashara ana wajibu wa kumruhusu afisa aliyetumwa kisheria na kumwonyesha nyaraka. Naye ana haki ya kuona kitambulisho cha afisa huyo, kujua ametoka ofisi gani na anakagua jambo gani. Kosa likipatikana, aombe maelezo ya maandishi: kosa lenyewe, kifungu cha sheria, na muda wa kurekebisha. Faini ikitozwa, ilipwe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na stakabadhi ichukuliwe. Akidaiwa fedha ya mkononi ili "mambo yaishe", namba ya TAKUKURU ni 113, na haitozwi.

Faili moja hurahisisha yote. Ndani yake viwekwe mkataba, cheti cha TIN, cheti cha kuthibitisha ulipaji kodi, nakala ya leseni, stakabadhi za tozo, mchoro na hati ya fundi umeme, na vyeti vya ukaguzi. Kwenye jalada iandikwe tarehe ya kuisha kwa kila kimoja. Mwezi mmoja kabla ya leseni kuisha, mwenye biashara apite TRA kwanza, kwa kuwa bila cheti cha kodi ombi la leseni mpya halitasonga.

Maswali ya kujipima

1. Mkazi amepata fremu katika kiwanja cha makazi pekee na mwenye nyumba anataka pango leo. Alipe? Jibu: asubiri hadi mwenye nyumba apate idhini ya kubadili matumizi.

2. Fundi cherehani ana mauzo ya milioni 5 kwa mwaka na daftari safi. Kwa viwango vilivyoelezwa, kodi yake ni kiasi gani? Jibu: asilimia 3 ya milioni 1, yaani shilingi 30,000. Bila daftari angelipa 100,000.

3. Pasi ya wati 2,000 na birika la wati 2,000 zinatumia ekstensheni moja. Ni salama? Jibu: hapana. Ni zaidi ya ampea 17 katika plagi ya ampea 13.

4. Breka ya soketi hujikata kila jioni. Ibadilishwe kwa kubwa zaidi? Jibu: hapana. Mzigo upunguzwe, na fundi mwenye leseni akague nyaya.

Aliyeshindwa swali lolote kati ya hayo arudi katika sehemu yake. Mwenye jambo lake mahususi amwone Afisa Mtendaji wa Kata au Afisa Biashara, akiwa na mkataba wake mkononi, kabla fedha yoyote haijatoka.